Filta ya Nyongeza ya Dizeli kwa Pikapu ya Zamani: Kuchagua, Kufunga na Kutunza

Anayeingia duka la spea Kariakoo au Kirinyaga Road kutafuta filta ya nyongeza ya dizeli, swali la kwanza analoulizwa ni mikroni ngapi, yaani ukubwa wa chembe ambazo filta inazuia; mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Wengi huamini kwamba namba ikiwa ndogo ndiyo filta bora, basi huchukua ya mikroni 2, huifunga kati ya tangi na filta ya kiwandani, na baada ya wiki chache gari linaishiwa nguvu mlimani. Filta yenyewe haina kosa. Imefungwa mahali pasipoifaa, kwa sababu pikapu ya zamani hunyonya mafuta yake kutoka tangini, hakuna kinachoyasukuma.

Mwongozo huu unahusu Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser pikapu zenye 1HZ. Hilux Vigo na nyingine za komoni reli (ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja lenye msukumo mkubwa) zina sheria zake, nazo tutazigusa baadaye.

Mafuta yanavyosafiri

Katika injini hizi hakuna pampu ya umeme tangini. Ndani ya pampu ya dizeli, ambayo ni ya aina ya VE, mna pampu ndogo ya mapanga. Hiyo ndiyo inayonyonya mafuta kutoka tangini, kupitia bomba la chesi, kupitia filta iliyoko ndani ya boneti, hadi yenyewe. Njia nzima, tangu chujio la tangini hadi mdomo wa pampu, iko upande wa kunyonya.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, kiungo kikilegea, mara nyingi dizeli haitadondoka chini ukaiona. Badala yake upepo utaingia ndani. Gari litawaka kwa shida asubuhi, litatetemeka, na chini yake pakavu. Pili, kila unachoongeza njiani, kiwe filta, kona kali au mpira mrefu, kinaongeza mzigo wa kunyonya. Pampu ya mapanga imezoea kuvuta kupitia filta moja. Ukiipa karatasi mbili nzito, itakosa mafuta ya kutosha wakati injini inayahitaji zaidi, yaani mlimani na mzigo mgongoni.

Pampu ya VE haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake, na nafasi kati ya bastola yake na kichwa chake ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Tone la maji likifika hapo, utelezi unatoweka na kutu inaanza. Mchanga laini unakwaruza. Ndiyo maana kazi kubwa ya filta ya nyongeza kwenye magari haya ni kukamata maji na uchafu mnene mapema, ili filta ya kiwandani ibaki na kazi yake ya kumalizia.

Kabla ya kununua, jua unapambana na nini

Toa nusu lita ya dizeli kwenye kizibo cha chini cha filta ya kiwandani, iweke kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie saa moja. Kisha isome.

Kama kuna tabaka linalong'aa chini ya dizeli, hayo ni maji. Dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.82 hadi 0.86 kwa lita, maji yana kilo 1, kwa hiyo yatashuka tu. Kama dizeli nzima ina ukungu usiotulia hata baada ya saa moja, maji yamechanganyika kama maziwa, na kitenganishi (filta inayotenga maji na dizeli) chenye karatasi ya kufukuza maji ndicho kitakachosaidia. Bakuli la kutulizia lisilo na karatasi halitoshi. Unga mwekundu ni kutu, na kutu hutoka tangini mwako au kwenye pipa ulilojazia. Utelezi mweusi wenye harufu mbaya ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli. Huo hauponywi na filta yoyote: tangi lifunguliwe, lioshwe, likauke.

Kuna uchafu mmoja ambao hakuna filta duniani itakayokusaidia nao, nao ni mafuta ya taa. Yakichanganywa na dizeli yanapita kwenye karatasi kama dizeli yenyewe, na pampu inakosa utelezi. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikaongeza tozo mwaka 2018, zote kwa nia ya kuondoa faida ya uchakachuaji. Muuzaji akikuambia filta yake "inachuja mafuta ya taa", ondoka dukani.

Angalia pia chujio la ndani ya tangi. Likiziba, dalili zake ni zilezile za filta iliyoziba, na watu wamenunua filta tatu kabla ya kulifikia. Tangi lina kizibo chini. Kifungue, toa lita mbili tatu, uone kinachotoka. Likiwa chafu, lioshe kwanza. Kufunga filta mpya mbele ya tangi chafu ni kununua karatasi ya kuziba kila mwezi.

Kuisoma filta dukani

Namba ya mikroni peke yake haisemi kitu. Filta mbili zinaweza kuandikwa "10" na zikatofautiana kama usiku na mchana. Moja inakamata nusu ya chembe za mikroni 10, nyingine inakamata karibu zote. Kipimo cha kweli ni beta. Beta 2 maana yake chembe mbili zikija, moja inapita: asilimia 50. Beta 75 ni asilimia 98.7. Beta 200 ni asilimia 99.5. Watengenezaji wenye kujiamini huandika namba hizo kwenye karatasi zao, pamoja na kipimo kilichotumika, kwa kawaida ISO 19438 kwa uchujaji wa mafuta na SAE J1488 kwa kutenganisha maji yaliyochanganyika. Boksi lisilo na chochote zaidi ya "high quality" halikuambii lolote.

Namba ya pili ni mtiririko, lita kwa saa. Tupige hesabu kidogo. Injini ya 1HZ ina karibu kilowati 95. Injini ya dizeli ya aina hii hutumia takriban gramu 270 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo ikikanyagwa mpaka mwisho itakula kilo 26 hivi, sawa na lita 30 kwa saa. Ile ya 5L, yenye karibu kilowati 70, itakula lita 22 au 23. Lakini pampu huvuta zaidi ya kinachochomwa; ziada inarudi tangini ikiwa imebeba joto. Ongeza pia kwamba filta ikichakaa hupitisha kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Kwa hiyo tafuta iliyoandikwa lita 100 kwa saa au zaidi. Chini ya hapo usinunue, hata ukipewa bei nzuri. Kupita 250 hakukuongezei kitu zaidi ya ukubwa.

Aina zinazopatikana, na ipi ya nani

Bakuli la kioo la kutulizia, lile la matrekta, halina karatasi ndani. Mafuta yanaingia, yanapunguza mwendo, maji na mchanga vinashuka. Halina mzigo wa kunyonya wa kutajika, ni rahisi, na linaoshwa badala ya kubadilishwa. Udhaifu wake ni kwamba halikamati maji yaliyochanganyika, na likitikiswa sana kwenye barabara ya matuta, maji yaliyotulia yanaweza kunyanyuka tena. Kwa pikapu ya shamba inayokwenda polepole, linatosha.

Filta ya CAV 296, ambayo kila fundi wa Massey Ferguson anaijua, ina karatasi kati ya kichwa na bakuli. Karatasi zake zinapatikana hadi vijijini, na hiyo si sifa ndogo. Lakini ina oringi (pete za mpira za kuziba viungo) kadhaa, na kila moja ni mlango wa upepo. Wengi huifunga wakiacha oringi ya zamani imeng'ang'ania kichwani na kuweka mpya juu yake. Pia uzi wa mdomo wake ni wa inchi 1/2-20 UNF. Nati ya milimita itaingia nusu na kukwama, ikiharibu kichwa cha alumini.

Kitenganishi cha kuzungusha chenye bakuli angavu chini, mfano Racor 230R wa lita 114 kwa saa au MANN-FILTER PreLine 150 wa lita 150, ndicho tunachokipendekeza kwa wengi. Ni kidogo, kinaingia kwenye nafasi ya boneti ya Hilux, na bakuli lake unaliona. Racor hutoa karatasi za aina tatu: herufi S ni mikroni 2, T ni 10, P ni 30. Kwa kufunga kabla ya filta ya kiwandani, chukua P.

Racor 500FG ni mkubwa zaidi: lita 227 kwa saa, urefu wa karibu sentimita 30. Karatasi yake hubadilishwa kutoka juu bila kufungua mpira wowote, jambo zuri mno ukiwa porini. Rangi ndiyo lugha yake: nyekundu mikroni 30, bluu 10, kahawia 2. Mdomo wake ni wa uzi wa 3/4-16, kwa hiyo utahitaji adapta mbili za kufikia mpira wako. Land Cruiser ina nafasi ya kuibeba. Kwenye Hilux yenye betri mbili utahangaika. Na kwa kuwa ni maarufu, maduka mengi yana nakala zake zilizoandikwa jina linalofanana. Nakala nyingi hukamata maji vizuri tu siku ya kwanza. Shida huanzia kwenye kifuniko cha juu, ambacho oringi yake haikai sawasawa na upepo unaingia.

Kwa nini mikroni 30 na si 10? Kwa sababu ya ule mzigo wa kunyonya. Filta ya nyongeza ichukue maji, kutu na mchanga. Vumbi laini liachiwe filta ya kiwandani. Ukiweka 10 mbele ya filta nyingine ya daraja hilohilo, ya mbele itaziba haraka na ya nyuma itakaa bure, huku pampu ikivuta kupitia zote mbili. Mikroni 10 mbele inakubalika kwa anayejaza mafuta kwenye mapipa kila wiki na yuko tayari kubadilisha karatasi mara kwa mara. Mikroni 2 upande wa kunyonya, hapana.

Filta ya kiwandani ibaki

Wapo wanaoiondoa ya Toyota na kuacha ile ya nyongeza peke yake. Wasifanye hivyo. Kichwa cha filta ya Toyota kina pampu ya mkono ya kutolea upepo, na chini kuna kihisi cha maji kinachowasha taa ya dashibodi. Injini nyingi kati ya hizi hutumia namba 23303-64010; thibitisha kwa namba ya chesi kabla ya kulipa. Ukinunua ya kampuni nyingine, igeuze uangalie chini. Nyingine hazina tundu la kihisi. Fundi akiona hivyo hukifunga kihisi kwa waya pembeni, na tangu siku hiyo taa ya maji haiwaki tena, hata bakuli likijaa.

Feki hujulikana kwa macho na mkono. Uzi wa ndani wenye makombo ya chuma, mpira wa juu unaodondoka ukigeuza, matundu yasiyolingana, rangi inayotoka kwa kucha. Njia ya uhakika zaidi ni kuikata ile ya zamani kwa msumeno baada ya kuitoa. Mikunjo ya karatasi iwe sawa, gundi ifunge pande zote, karatasi isiwe imelaliana. Ukikuta mkunjo ulioachia gundi, mafuta yako yalikuwa yanapita bila kuchujwa.

Vifaa

Kwa kazi moja utahitaji kitenganishi kimoja chenye karatasi ya ndani na nyingine ya akiba. Bamba la chuma la milimita 3 hadi 4 la kushikia. Bolti mbili za M8 au M10 zenye nati za kujifunga. Mpira wa dizeli mita 2 ulioandikwa SAE 30R7 au 30R9. Klampu 6, nne za kazi na mbili za akiba. Adapta mbili za mdomo wa filta. Dizeli safi lita 2. Beseni, matambara yasiyotoa nyuzi, na kisu kikali. Kipenyo cha mpira kipime kwenye bomba lenyewe, kwani pikapu nyingi ni milimita 8 au 10, na mpira wa 10 kwenye bomba la 8 haukazwi na klampu yoyote ukakaza kweli.

Usitumie mpira wa maji wala ule mweupe wa plastiki kama njia ya kudumu. Joto la injini litaukausha, na utapasuka mahali pa klampu. Bomba la mabati nalo liepuke: zinki haipatani na dizeli. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie mfumo huu. Vipande vyake vikikatika vinakwenda na mafuta. Tumia gundi ya uzi inayostahimili mafuta, na uache uzi mmoja au miwili ya mwanzo mitupu.

Kufunga

1. Chagua mahali. Pawe sentimita 30 au zaidi kutoka ekzosi, mbali na feni, na mkono uweze kufika chini ya bakuli kwenda kumwaga maji. Acha nafasi juu kama karatasi hutokea juu. Kwenye chesi karibu na tangi maji hukamatwa mapema, lakini mawe hupasua bakuli. Ndani ya boneti ni salama zaidi na utalitazama kila ukipima oili. Sisi tungefunga ndani ya boneti.

2. Toa kebo hasi ya betri. Osha eneo lote kwa brashi na dizeli kabla ya kufungua mpira wowote. Uchafu mwingi unaofika kwenye pampu huingia siku ya matengenezo.

3. Funga bamba kwenye ukuta wa bodi, si kwenye injini. Mtetemo wa injini hupasua vichwa vya alumini. Kitenganishi kisimame wima.

4. Tafuta mpira unaotoka bomba la chesi kwenda mdomo wa kuingilia wa filta ya Toyota. Usiuchanganye na wa kurudisha mafuta: wa kurudisha hutoka kwenye pampu na nozeli. Ukiwa na shaka, ufuate kwa mkono hadi mwisho.

5. Kata mpira mpya kwa kisu, usitumie msumeno, kwani msumeno huacha unga wa mpira ndani. Puliza kila kipande. Bomba la chesi liende mdomo ulioandikwa IN, mdomo wa OUT uende filta ya Toyota. Ukibadilisha hivi viwili kitenganishi hakitatenganisha kitu, na gari litawaka vizuri tu, kwa hiyo hutajua.

6. Pinda mpira kwa kona pana. Mpira ukikunjwa kwa nguvu hufunga taratibu kadiri unavyopata joto.

7. Jaza kitenganishi kwa dizeli safi. Paka mpira wa karatasi ya kuzungusha dizeli kidogo, zungusha hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono tu, isipokuwa boksi lake liseme vingine. Bakuli la plastiki nalo kwa mkono.

8. Kama kina kihisi cha maji, kipe umeme unaokuja na swichi ya gari, kupitia fyuzi ya ampea 5, na taa yake iwe mahali jua haliifichi.

Kutoa upepo

Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya Toyota. Mara 30 hadi 60 ni kawaida kwa sababu sasa kuna nafasi zaidi ya kujaza. Ikiwa ngumu, simama. Washa kwa sekunde zisizozidi 15, pumzisha stata dakika moja, rudia. Pampu ya VE hujitolea upepo yenyewe kupitia bomba la kurudisha.

Ikikataa, legeza nati za mabomba ya nozeli mbili, nusu mzunguko, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivi kwenye injini hizi za zamani tu. Kwenye komoni reli msukumo hupita bar 1,000, na dizeli hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Nati zake haziguswi injini ikizunguka.

Likiwaka, liache silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika 10, kisha endesha kilomita chache ukiwa na spana. Rudi ukaze klampu tena.

Mambo yanayokwenda kombo

Tatizo nambari moja baada ya kufunga ni upepo. Gari linazimika dakika moja baada ya kuwaka, au asubuhi linahitaji kupampiwa. Povu la sabuni halitakuonyesha kitu, maana hakuna kinachotoka nje. Weka kwa muda kipande cha mpira angavu kabla ya pampu ya dizeli, washa, tazama mapovu. Yakiwepo, paka grisi nzito kiungo kimoja baada ya kingine. Mapovu yakikoma, umekipata.

Usishangae ukikuta mwenye kosa ni pampu ya mkono ya filta ya Toyota yenyewe. Kiwambo chake cha mpira huchanika kwa uzee. Kabla ya filta mpya ilikuwa inaponea, na mzigo mdogo ulioongezeka ndio uliofichua ufa. Kichwa kipya ndicho dawa; gundi haishiki pale.

Kama huna uhakika tatizo liko wapi, fanya jaribio la dumu. Jaza dumu la lita 5 dizeli safi, litundike juu kuliko pampu, ingiza mpira wa kunyonyea humo moja kwa moja hadi filta ya Toyota. Gari likipona, ugonjwa uko tangini, kwenye bomba la chesi au kwenye kitenganishi chako. Likibaki vilevile, acha kugusa filta. Huenda ni pampu, nozeli, au ile solenoidi (vali ya umeme) ya kuzimia iliyo nyuma ya pampu. Washa swichi usikilize kama inagonga.

Kukosa nguvu mlimani bila mapovu ni mzigo wa kunyonya. Hapa geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya kunyonya, ni fedha iliyotumika vizuri. Ifunge kwa kiungo cha T kati ya filta ya Toyota na pampu, soma ukiwa mwendo kamili na filta zote mpya, na uandike namba hiyo. Ikipanda juu yake kwa inchi 3 au 4 za zebaki, kuna karatasi imeziba. Bila namba ya siku ya kwanza geji haikuambii mengi.

Wengine hukimbilia pampu ya umeme ili isukume. Inawezekana, lakini iwe ya msukumo mdogo, isizidi bar 0.3. Ya petroli ya injekta, yenye bar 3, itatoboa sili ya mbele ya pampu ya VE na kuvuruga majira yake ya kupuliza.

Bakuli angavu likipasuka mistari midogo kama utando, mtu ameliosha kwa thina, spiriti au dawa ya breki. Sabuni na maji, au dizeli, basi.

Na kuna hili la kumwaga maji. Kitenganishi kilicho juu kuliko mafuta ya tangini kinashikilia mafuta kwa nguvu ya kunyonya; ukifungua kizibo cha chini hakidondoki kitu, badala yake kinavuta upepo. Zima injini, legeza kifuniko au skrubu ya juu, kisha fungua chini, mwaga hadi dizeli safi itoke, funga chini, jaza tena kwa dizeli kutoka juu, funga, pampu. Wengi huifungua chini tu, wanaona pakavu, wanasema hakuna maji.

Ratiba

Kwa mafuta ya sheli za mjini: tazama bakuli kila wiki, badilisha filta ya Toyota kila kilomita 10,000 na karatasi ya kitenganishi kila 20,000. Kwa mafuta ya mapipa na madumu: tazama kila ukijaza, na karatasi ya kitenganishi iende na ile ya Toyota. Wiki mbili za kwanza baada ya kufunga, tarajia uchafu mwingi usio wa kawaida. Beba karatasi moja ya kila aina, oringi zake, na lita moja ya dizeli safi kwenye chupa iliyozibwa.

Kama ni Vigo

Injini za 1KD na 2KD za Hilux Vigo nazo hunyonya kutoka tangini, kwa hiyo kitenganishi cha mikroni 30 mbele bado kinafaa. Tofauti ni kwamba hazina msamaha. Vali ya kudhibiti unyonyaji kwenye pampu ya reli hukwama kwa uchafu mdogo sana, na upungufu wa mafuta huja kama msimbo wa hitilafu P0087 (msukumo mdogo kwenye reli) na gari kukataa kupanda mwendo. Filta ya kiwandani usiijaze kwa dizeli ya dumu unapoibadilisha. Chochote kilicho ndani ya dumu hilo kikimwagwa upande wa ndani kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Iache tupu, tumia pampu ya mkono. Na usifunge filta ya ziada baada ya ile ya kiwandani isipokuwa fundi ana mahali safi kweli na mpira mpya, maana uchafu wa siku hiyo hauna mlango mwingine wa kukamatwa.

Pipa na dumu

Nusu ya kazi hufanyika kabla mafuta hayajaingia tangini. Pipa likishushwa, liache lisimame usiku mzima bila kuguswa. Bomba la kuvutia lisifike chini kabisa. Liishie sentimita 10 juu ya kitako, na kile kinachobaki kitumike kuoshea spea. Pipa lililoko nje lilazwe kwa ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa, kwa sababu pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu na kuyanyonya kupitia uzi wa kizibo usiku linapopoa.

Sheli nayo, ukikuta lori la mafuta linashusha, pita. Kushusha huchafua kilichotulia chini ya tangi la ardhini, na saa chache zinahitajika kabla hakijalala tena. Pikapu inayolala nje Tanga au Mombasa ilale na tangi lililojaa, maana sehemu tupu ya tangi ndiyo inayovuta hewa yenye unyevu na kuifanya matone usiku.